Nobu Iliyomng'ang'ania Mama

Haya yalimpata dada yangu mkubwa, na mimi nilikuwepo. Kwa hiyo asije mtu kuniambia labda alichoka.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua linawaka, nguo zimeanikwa uani, jirani anagonga bati la paa lake. Dada ni mtayarishaji wa muziki. Studio yake ni chumba cha nyuma, kuta kazibandika magodoro machakavu ili sauti isirudi. Mimi ni mshonaji, nilikuwa nimekuja kumpima mama gauni. Mama mwenyewe alikuwa jikoni anachambua maharage huku anaongea peke yake, mazoea aliyoyapata tangu astaafu ualimu. Bila wanafunzi wa kuwagombeza, anagombeza vyombo.

Siku chache kabla, mama alikuwa amekubali kurekodi wimbo aliokuwa akitubembelezea utotoni. Tulimsihi miaka. Aliuimba mara moja, akavua hedifoni, akasema, "Sirudii. Mkiuharibu, shauri yenu." Dada akaushika ule wimbo kama yai.

Ili aupambe vizuri, alipata kibao cha kuongozea programu ya kurekodi. Ni kipana kama sinia, kina safu ya nobu, yaani vile vitufe vya kuzungusha kwa vidole. Alipewa na mtayarishaji mwenzake aliyeacha muziki ghafla. Yule bwana alimkabidhi mlangoni kwa ishara tu, kajifunga skafu shingoni. Dada alidhani koo linamuuma.

"Kazi ndogo hii," aliniambia. "Nabofya kitu kwenye skrini, tuseme gitaa. Halafu nazungusha nobu. Kompyuta inaelewa kwamba nobu hii ni ya gitaa. Basi, wameoana."

Wakaoana na kuachana mchana kutwa.

Akiifunga nobu ya kwanza kwenye gitaa, ya pili inakataa besi. Akiirekebisha ya pili, ya kwanza imeshaachia. Akafunga programu, akafungua. Akabadilisha waya. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaisonya. Skrini inajibu lilelile: nobu haijaunganishwa.

"Nikivuta huku, kule kunaachia!" alifoka. "Hiki kibao kina kichwa kigumu kuliko baba yako."

"Baba yetu," nikamwambia. "Tumia kipanya, yaishe."

"Sishindwi na kipande cha plastiki."

Subira ya dada ni fupi kama mkia wa mbuzi, lakini hakuondoka kwenye kiti. Ni nobu ya mwisho tu iliyoshika. Tena ilishika vibaya. Akabofya gitaa, nobu ikapunguza sauti ya mama. Akabofya ngoma, ikapunguza sauti ya mama. Akaufuta muunganisho, akaanza upya. Mama.

"Inamng'ang'ania mama," dada akasema, jasho linamtoka puani. "Nani kaiambia?"

Kwa hasira akaizungusha kushoto mpaka mwisho. Kwenye spika, wimbo ukafifia, ukazima.

Ndipo nikasikia maharage. To. To. To. Yakidondoka kwenye sufuria, moja moja. Nilishangaa kwa nini nayasikia vizuri hivyo. Kisha nikaelewa kwamba mama amenyamaza.

Yakaacha kudondoka.

Mama akatokea mlangoni. Midomo inacheza, sauti hakuna. Akapiga makofi, makofi tukayasikia. Akagonga mlango, tukausikia. Akanishika mkono akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nilihisi pumzi yake ya moto usoni. Pumzi tu.

"Mama, acha utani," dada akasema. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaifuata nobu. Akaizungusha kulia, taratibu.

"—naita muda wote huu, mna masikio ya mapambo?"

Sauti ilitokea katikati ya sentensi, kama mtu aliyeibuka majini.

Dada akaiachia nobu. Ikaanza kurudi kushoto. Yenyewe.

"Ishike!" akanong'ona.

Nikaishika. Ilikuwa inavuta. Haikuvuta kwa nguvu, ila kama mtoto anavyokuvuta kidole, bila kuchoka. Dada akatafuta muunganisho aufute. Haukuwepo. Skrini iliandika vilevile: nobu haijaunganishwa. Akapiga meza ngumi. Akatukana. Mama hakumkemea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kisha dada akaushika waya ili auchomoe.

"Subiri," nikasema. "Mpigie aliyekupa kwanza."

Akampigia simu ya video. Yule bwana alipotokea, aliona kibao nyuma ya bega la dada. Macho yakamtoka. Akafungua mdomo wazi kabisa, kama anayepiga kelele.

Kimya.

Akaokota waya wa chaja, akauonyesha, akauchomoa kwa nguvu. Akagusa koo lake. Kisha akatikisa kidole mbele ya kioo. Usithubutu. Usithubutu.

Dada akauachia waya kama umemuunguza.

Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Nobu ikaponyoka kidogo, na sauti ya mama ikapungua alipokuwa anasema, "Ina nini na huo wimbo wangu?"

"Ndio ilioushika," dada akajibu.

"Basi futa."

"Mama, ulisema hurudii. Nikiufuta..."

"Nimesema futa. Sauti ninaihitaji kuwagombeza."

Dada alilia akiufuta. Akafuta na nakala, zote. Ya mwisho ilipoondoka, nobu ikalegea vidoleni mwangu kama jino bovu.

"Sema kitu, mama," nikanong'ona.

"Niseme nini? Mmenichosha."

Hatujawahi kufurahia kugombezwa hivyo. Dada akamshika mama mkono, mimi nikauchomoa waya, mama akiwa anaendelea kulalamika. Halikukatika hata neno. Kibao tulikiponda kwa nyundo uani, nobu ya mwisho tukaiponda mpaka ikawa unga.

Mama ni mzima. Anaongea, anacheka, amerudia ugomvi wake na sufuria. Wimbo hajauimba tena, na hatumwombi.

Ila wanaompigia simu huuliza ni nani mwingine yuko kwenye laini. Nilidhani ni mtandao mbovu. Jana nikampigia mwenyewe. Simu ikapokelewa, na kabla sijafungua mdomo nikaisikia sauti yake, ndogo, inatoka mbali, kama inatoka chini ya kitu.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha mama akaja kwenye simu, karibu, mchangamfu.

"Haloo? Mbona kimya? Hata shikamoo hakuna?"