Mia Moja Arobaini na Nane

Msimu wa kahawa, siku ya Jumamosi, soko la Mbinga halina pa kutia mguu. Thadei, fundi simu, alikuwa ameinamia kioo kilichopasuka aliposikia sauti ya kike juu ya kichwa chake.

"Kaka, saa yangu imegombana na simu."

Akainua macho. Gauni la kitenge la rangi ya machungwa, raba nyeupe, na tabasamu lililomsahaulisha bisibisi mkononi. Aliitwa Edina, mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Liuli. Pumzi ilikuwa ikimkatika mara kwa mara, na daktari alimwagiza atembee kila jioni akiangalia mapigo ya moyo. Lakini kila akianza kutembea, saa ilipoteza mawasiliano na simu.

"Simu yako inabana betri, ndiyo inayoizima programu ya saa," Thadei alisema akibonyezabonyeza. "Nimeirekebisha. Ila lazima tuijaribu njiani."

"Tuijaribu, wewe na nani?"

"Na mwenye saa."

Edina akaangua kicheko. "Fundi, una mambo!"

Wakatembea jioni ile, na jioni nyingine nyingi, kwenye njia ya vumbi jekundu katikati ya mibuni. Mawasiliano hayakukatika tena. Shida ikawa namba. Wameketi kwenye jiwe wanatafuna karanga, saa inaonyesha mia moja arobaini na nane.

"Ni wewe unayenipandisha," Edina alimtania.

Thadei alifuta sehemu ya chini inayosoma mapigo, akaisogeza saa juu kidogo ya kifundo cha mkono wake, akakaza mkanda. Namba haikushuka. Akaivaa yeye: sabini na mbili. Akajihesabu shingoni kwa vidole: sabini na mbili.

Saa ilikuwa nzima. Kumbe ni moyo wa Edina uliokuwa ukienda mbio.

"Vipi, mpenzi? Imeharibika?"

Alimtazama usoni, akashindwa kumwambia kweli. "Saa mbovu. Niachie, nitaagiza kifaa chake Songea."

"Nilijua tu! Nilishaanza kuogopa."

Wiki tatu saa ikakaa kwenye droo. Edina, akijiona mzima, hakurudi kwa daktari. Siku moja akaanguka darasani. Thadei alimkuta amelazwa, akamweleza yote.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Wiki tatu, Thadei! Wiki tatu napanda vilima nikikuamini wewe!"

Akageukia ukutani. Mama yake, Marselina, akaja kumchukua, akampeleka Liuli. Thadei alipiga simu kila siku, haikupokelewa. Siku ya tisa ikapokelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo, mwanangu. Hasemi, lakini kila simu ikiita anauliza kama ni wewe." Akashusha sauti. "Valvu ya moyo imekwisha. Upasuaji wa Dar es Salaam wametupangia baada ya miezi minne."

Alimkuta barazani, amevaa sweta na jua linawaka, miguu imevimba. Ufukweni mwa ziwa wanawake walikuwa wakianika usipa, dagaa wa huko.

"Umekuja kutengeneza nini?" Edina aliuliza.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nilishakusamehe. Hasira inataka nguvu, nami sina."

Thadei akapiga magoti kwenye mkeka. "Nataka kukuoa, Edina."

"Kwa huruma?"

"Naogopa kukukosa."

"Utanikosa."

"Najua."

Edina akamshika mkono. "Basi nenda kwa kasisi ukaandikishe ndoa, tutangazwe Jumapili tatu. Lakini usishone suti."

Jumapili ya kwanza ndugu walimbeba kwenye kiti mpaka kanisani, akasikia majina yao yakitangazwa. Vigelegele vilipopigwa, akajifunika uso kwa khanga kwa haya. Jumapili ya pili hakuweza kuinuka. Thadei alikwenda peke yake, akarudi kumsimulia tangazo neno kwa neno, naye akataka arudie.

Akafariki Alhamisi asubuhi, mvua ikinyesha.

Jumapili ya tatu kasisi alifungua daftari la matangazo, akalitazama, akalifunga. Thadei alikuwa amekaa benchi moja na Mama Marselina. Ibada ilipokwisha, hawakuinuka. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakiwagusa mabega. Kanisa lilipobaki tupu, Thadei akamshika mama mkono, wakaondoka kwenda nyumbani.