Ulimi Ghalani

Kilichomshtua kwanza ni ukurasa mweupe. Mtunza nyaraka, mwanamke aliyekaa miaka ishirini na sita katika jengo lile hata wenzake wakambandika jina la Mama Majalada, alishuka ghalani asubuhi moja kukagua rafu za ardhi. Akafungua jalada moja, akakuta karatasi ya tatu haina hata herufi. Haikuchanwa, haikufutwa. Ilikuwa na unyevu, na ilinuka kama mdomo wa mtu aliyetoka kuamka.

Chumba cha kusomea, kilichopakana na ghala, kilikuwa kimefungwa miezi minne. Aliyekifunga ni mkurugenzi mpya. Walimwita Manukato, kwa kuwa harufu yake ilitangulia kuingia ofisini, na hiyo ndiyo sehemu yake pekee iliyowahi kuwahi kazini. Alikuwa amebandika tangazo mlangoni kwamba nyaraka za taifa ni nyeti na wananchi watajulishwa. Watajulishwa nini, hakusema. Lakini jengo zima lilijua kuwa shemeji yake alilitolea macho bonde lililo nje ya mji, na kwamba hati za wakazi wa bonde, pamoja na ramani yao, zilikuwa katika jalada moja ambalo Manukato alilifungia kabatini mwake. Kesi yao ilikuwa imekaribia. Mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa bonde, alikuja getini kila siku na koti lake lililopigwa pasi, akaliomba jalada lile, akarudishwa na mlinzi, akashukuru, na kesho yake akaja tena.

Mama Majalada alimwambia bosi wake waziwazi kuwa nyaraka zile ni za wananchi, si urithi wa mtu. Manukato akacheka mpaka tai ikacheza tumboni.

“Mama, hao wananchi wako watasoma nini?”

Huyo alikuwa mtu asiyewahi kukanyaga ghalani hata mara moja, aliyeona jalada ni kitu cha kuwekea kikombe.

Kurasa nyeupe zikazidi. Ikawa kumi, kisha jalada zima. Halafu siku moja, saa sita mchana, wenzake wakiwa wametoka kula, Mama Majalada akasikia sauti nyuma ya rafu, polepole, ya kukwaruza, kama ng'ombe anayemlamba ndama wake, akajiambia ni bomba linavuja, akapiga hatua, sauti ikanyamaza, akasimama, ikaanza tena karibu zaidi, upande wa pili wa rafu aliyoishika, na kati ya jalada na jalada, kwenye upenyo usiotosha kupitisha mkono, akaona kitu kirefu cha kijivu kikipita juu ya maandishi, kikirudi, kikipita tena, na kila kilipopita wino ulikwenda nacho. Alitoka kinyumenyume, macho hayakubanduka pale, na alipokuwa akikitazama, kile kitu kilitulia kimya kama kimekamatwa.

Jioni alimwendea shangazi yake, mganga aliyekwishastaafu uganga kwa sababu ya magoti. Bibi yule hakuwasha chochote wala hakuimba. Alinusa ukurasa mmoja mweupe, akauweka chini kwa kidole na gumba.

“Huyu ni jini anayekula maandishi yasiyotazamwa,” alisema kwa sauti ya chini. “Hawezi kulamba mbele ya macho ya watu. Mwanangu, fungueni hicho chumba, watu waingie wasome. Hana dawa nyingine.”

Mama Majalada akapeleka habari kwa bosi, na ushahidi mkononi. Alitarajia dharau. Hakutarajia furaha. Manukato alizigeuza karatasi nyeupe moja baada ya nyingine kama anayechagua kitambaa cha suti.

“Kwa hiyo hakuna atakayesema tumechoma kitu,” akanong'ona.

Akachukua funguo, akalitoa jalada la bonde kabatini mwake, akaingia nalo chumba cha kusomea, akajifungia ili asionekane na mtu. Mama Majalada alibaki mlangoni. Alisikia kiti kikivutwa. Alisikia kurasa zikifunguliwa, na bosi wake akibembeleza, njoo basi, njoo ule, kama mtu anayeita paka, kisha ile sauti ya kukwaruza, kisha kicheko, na kicheko kikapanda kikawa kitu kingine, kikalowa, kikakatika, lakini kulamba hakukukatika, kuliendelea taratibu kwa raha, huku yeye akihangaika na funguo za akiba kwa vidole vilivyosahau kazi ya miaka ishirini na sita.

Alipofungua, sauti ilikoma. Manukato alikuwa ameketi, jalada likiwa magotini, ramani nzima bado ipo, kwa kuwa macho yake yalikuwa juu yake; yeye ndiye hakuwa na wa kumtazama. Uso wake uling'aa kwa unyevu. Mama Majalada alitaka kumwita jina lake la kweli, lile la kwenye barua, akalitafuta, akalikosa.

“Mimi nani?” yule mtu akauliza.

Alimpita, akachukua jalada, akabandua tangazo, akaenda mpaka getini kumleta mwalimu.

Siku tatu watu wa bonde walisoma kwa zamu, wengine kwa miwani ya kuazimana, wakitamka majina ya babu zao kwa sauti. Kule ghalani kile kitu kilihama rafu hadi rafu, kikizidi kufifia, hata kikawa hakisikiki. Ramani ikafika mahakamani na bonde likabaki na wenyewe. Wizarani walipoulizwa habari za mkurugenzi, walisema kiti hicho kilikuwa wazi siku nyingi.

Kila Jumatatu mtu mmoja huja kaunta kuomba jalada lake la utumishi. Mama Majalada humpa fomu kama mwananchi yeyote, humwonyesha mahali pa kuandika jina. Mtu yule hushika kalamu, haandiki. Mara ya kwanza alipoachwa peke yake, wafanyakazi waliporudi walikuta fomu imelowa na haina hata maneno yaliyochapwa. Tangu hapo Mama Majalada huvuta kiti, hukaa mbele yake, humkazia macho mpaka saa ya kufunga, naye humtazama tu, mdomo umefumbwa, akimeza mate.