Fimbo ya Kuazima

Sare ya Chiriku ilikuwa imebaki pindo tu. Jioni ile nilimsimamisha juu ya stuli, nikamchomekea pini kuzunguka sketi, na yeye mdomo haufungi, ndiyo maana tulimpa jina hilo. Nikakata uzi, nikalamba ncha ili niutunge kwenye sindano. Hapo hapo mgongo ukanikamata. Nikabaki nimeinama, siendi mbele wala nyuma, na mwanangu badala ya kunionea huruma akacheka.

"Mama, huo mgongo ni wa bibi."

"Na wewe hilo pindo utalivaa na pini zake."

Kinyozi hajinyoi. Nilikuwa nikiwashonea watoto wa mtaa mzima, wangu ndiye anayengoja. Mdogo wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Dada, kesho usiguse cherehani. Nenda korongoni ukatembee, unyooshe huo mgongo. Mtoto nitabaki naye mimi."

Lile korongo kila mtu analijua. Mto umekata miamba ukashuka chini kabisa, na njia nyembamba ya miguu inaufuata kutoka getini mpaka kwenye maporomoko. Unakwenda na kurudi mchana mmoja.

"Nitarudi kabla ya giza," nilimwambia Chiriku. "Nikirudi tu, namaliza pindo."

"Ahadi ni deni, mama."

Asubuhi, getini nilimkuta mama mmoja mnene, mcheshi, haachi kutafuna karanga. Nyuma yake ukuta ulijaa misumari, na kwenye kila msumari imening'inia fimbo. Akanichagulia moja inayolingana na kimo changu.

"Humu kila mtu na fimbo yake," alisema. "Fimbo ikirudi, mtu karudi. Jioni misumari ikijaa, nafunga geti nakwenda zangu kupika. Nikiona msumari mtupu, naita watu tukutafute."

"Na nikiipoteza?"

"Ipoteze tu, tutakutafuta. Ila usimwazime mtu."

"Kwa nini?"

Akatupa karanga mdomoni, akatazama pembeni. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nenda, fundi, jua linapanda."

Alijua mimi ni fundi kwa sababu tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Nilikuwa nimetoka nayo nyumbani bila kujijua. Nikacheka, nikaingia.

Siwezi kusema siku ile haikuwa nzuri. Miamba ilikuwa myekundu, maji ya kijani, ndege weupe wakipita chini yangu badala ya juu. Mgongo ulilegea. Nilifika kwenye maporomoko, nikala mkate na yai la kuchemsha, nikapata usingizi kidogo kwenye mwamba wenye joto. Nilifurahi. Nalisema hilo kwa sababu ndiyo furaha yangu ya mwisho ninayoikumbuka.

Wakati wa kurudi, jua lilikuwa bado liko juu, lakini mle chini kivuli kilishaingia. Njia inafika mahali inavuka mto kwa mawe yaliyopangwa. Nilipokaribia pale, pua ndiyo iliyotangulia kujua.

Harufu ya nguo mbichi... nguo iliyofungiwa sandukuni kabla haijakauka.

Bibi kizee alikuwa amekaa kwenye jiwe la kwanza, miguu ndani ya maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya chini sana, lakini niliisikia juu ya kelele za mto. "Unarudi nyumbani?"

"Narudi."

"Umemwacha nani?"

"Binti yangu. Namdai... hapana, yeye ndiye ananidai. Pindo la sare."

"Anaitwaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia na mengine ambayo hakuuliza: mtaa wetu, mdogo wangu, cherehani iliyo dirishani. Maneno yalikuwa yakinitoka tu. Na nikiwa nasema, macho yangu ya kifundi yalikuwa kwenye gauni lake. Nilitafuta mshono begani, ubavuni, kwenye pindo.

Halikuwa na mshono popote.

"Mwanangu," akasema, "niazime fimbo nivuke."

Nilimkumbuka mama wa geti. Nilimkumbuka vizuri kabisa. Lakini mtu wa rika la mama yangu ananiomba fimbo avuke maji, mimi nina magoti mazima, nimnyime? Nimwambie nini? Nilikwishamwamkia, naye akanijibu. Nikampa, kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.

Alivuka upesi. Upesi mno. Nami nikakanyaga jiwe la kwanza nimfuate, na maji yakanipanda mpaka kwenye mifupa, ingawa miguu yangu ilikuwa mikavu.

Nilipofika ng'ambo hakuwepo.

Nikakimbia. Jua lilikuwa linazama nilipoliona geti. Mama wa geti alikuwa amesimama mlangoni, na mbele yake mwanamke anamkabidhi fimbo. Mwanamke mwenye kitambaa changu kichwani. Bega langu la kushoto lililoshuka kwa sababu ya cherehani. Tepu yangu shingoni.

"Umerudi salama, fundi?"

"Salama kabisa, dada," ilijibu sauti yangu.

Fimbo ikatundikwa. Misumari ikajaa.

"Bado mimi!" nilipiga kelele. "Jamani, bado mimi!"

Mama wa geti aligeuka akatazama pale niliposimama. Alitazama kwa muda, kisha akafunga vifungo vya koti lake.

"Maji yana kelele leo," akasema, akafunga geti.

Nilipanda geti lile. Nikiruka upande wa pili, naangukia kwenye mawe ya kivuko. Nikiifuata njia, inanirudisha kwenye mawe ya kivuko. Watu walipita mchana, wengi, wakicheka, wakipiga picha, nikawashika mikono na hawakuhisi. Sikusikia njaa. Sauti nilikuwa nayo, ila kadiri siku zilivyokwenda maneno yalipungua, moja baada ya jingine, nikawa nalitafuta neno nalikosa. Nilishika moja tu kwa nguvu zote: pindo. Nikawa nalililia usiku na mchana. Nilijua kule nyumbani kuna kitu kimelala kitandani kwangu, na upande wa pili wa ukuta analala mwanangu.

Kisha siku moja nikamwona Chiriku.

Alikuwa peke yake, anashuka njia, amevaa sare. Sketi imeshuka chini ya magoti upande mmoja, pini bado zimo, zimeshika kutu. Mkononi ana fimbo. Watu wote waliopita walinitazama kama hewa, lakini yeye alisimama.

"Mama?"

Aliniona kwa sababu alikuja kunitafuta. Nadhani ni hivyo. Sijui.

"Nilijua," akasema, analia na kucheka pamoja. "Nilimwambia mama mdogo, akanipiga kofi. Yule wa nyumbani si wewe. Halambi uzi. Hana hata uzi, mama! Anakaa dirishani anakanyaga cherehani tupu kutwa nzima. Na akipita, sakafu inabaki na maji. Nikamdanganya mama wa geti kwamba mama yangu ametangulia, yuko mbele... kumbe kweli."

Mwanangu. Mdomo haufungi. Nilitaka kumwambia akimbie. Nilikusanya kila kilichobaki ndani yangu nimwambie neno hilo moja tu, kimbia, kimbia usigeuke nyuma. Nikafungua mdomo.

"Mwanangu," nilisema, kwa sauti ya chini sana, "niazime fimbo nivuke."

Nilitikisa kichwa. Kichwa hakikutikisika.

"Shika, mama."

Usinipe.

"Shika, twende nyumbani."

Alinyoosha fimbo kwa mikono miwili. Nilimfundisha mwenyewe.

Mkono wangu ulitoka.

Sikumbuki kuvuka. Nakumbuka nikitembea, miguu myepesi, mgongo hauumi hata kidogo. Nakumbuka nikitazama mkono ulioshika fimbo na kuona kucha zenye wino wa kalamu. Mama wa geti akaipokea, akaitundika.

"Umempata mama yako?"

Nilitaka kumshika koti, nimwambie asifunge.

"Nimempata," nikasema.

Nyuma yangu, mbali, mtoto aliita. Aliita tena. Mama wa geti alitega sikio, akatafuna karanga.

"Maji yana kelele leo," akasema.

Nimerudi korongoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Nachukua fimbo, natembea mpaka maporomoko, nakaa kwenye kivuko naita mpaka sauti inakauka. Mawe matupu. Harufu ile hata sijaisikia tena pale. Niliwahi kumbana mama wa geti, nikamwambia yote, nikilia. Hakushangaa. Alinifuta machozi kwa ncha ya koti.

"Aliyetoka haonyeshwi, mjukuu wangu," alinong'ona. "Ndiyo maana nawaambia msiazimane. Zaidi ya hapo mimi sijui, na wala sitaki kujua."

Mdogo wangu ananiita mwanangu, ananichana nywele. Anawaambia majirani kwamba mtoto amekua, ametulia, siku hizi haongei ovyo. Anafurahi, maskini. Sina moyo wa kumwambia kwamba analala nyumba moja na watu wawili asiowajua.

Yule mwingine yuko dirishani. Siku niliyorudi aliacha kukanyaga cherehani, akanitazama kwa macho yangu mwenyewe, akajua. Akanisogelea, na ile harufu ikaja naye. Akaniinamia sikioni.

"Wewe una bahati," alinong'ona. "Ulikuwa na wa kukutafuta. Mimi nilingoja mpaka nikasahau kushona."

Kisha akarudi kukaa. Tangu hapo hatujasemezana. Mchana kutwa ni yeye na pedali yake... kwaka, kwaka, kwaka... na sindano inapanda na kushuka bila uzi.

Jana jioni nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amesinzia. Nikachukua uzi wa buluu, nikaulamba ncha, nikautunga. Nikachomoa pini moja moja, kila moja imeacha alama ya kutu kwenye kitambaa. Nikashona kwa mkono, mishono midogo, ile isiyoonekana kwa nje. Nilikuwa nimeahidi.

Pindo limekwisha. Asubuhi nimeivaa mbele ya kioo, na sare imenikaa sawasawa.