Farasi Aliyeandikwa Hana Ukoo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rajal alimpelekea Tejal maji, akamfagilia banda, kisha akachukua bonge la sukari guru na kulivunja vipande viwili. Kimoja alimpa Tejal. Cha pili alibaki nacho mkononi, akikitazama, mpaka bibi yake apaze sauti kutoka jikoni.

"Rajal! Mkate wa uwele unapoa, na wewe bado unapiga soga na farasi?"

"Naja, Bibi!"

Kipande cha pili kilikuwa cha Jhalak, binti wa Tejal. Rajal ndiye aliyemzoesha Jhalak kuvaa hatamu. Kisha ukaja mwaka wa ukame, majani yakaisha kijijini Khambhadi, na babu yake, Mzee Surag Khachar, akampeleka Jhalak kwa rafiki yake wa mbali aliyekuwa na malisho. Hakumuuza. Kwetu Kathiawar, farasi jike wa ukoo mzuri hauzwi. Anakabidhiwa mtu unayemwamini. Bahati mbaya rafiki yule alifariki, wanawe wakamwacha Jhalak mikononi mwa mchuuzi, na tangu hapo hakuna aliyejua yuko wapi. Kigingi chake kilibaki pale pale bandani, na Rajal hakutaka mtu akiguse. Alimkumbuka Jhalak kwa hamu kuliko alivyomkumbuka baba yake mzazi, aliyekuwa mjini Surat aking'arisha almasi, na jambo hilo lilimtia haya.

Jumapili moja alifika Dada Urmila kwa pikipiki yake, kutoka chama cha wafugaji wa farasi. Wazee walikusanyika barazani kwa Mzee Surag, kila mmoja akinywa chai yake kwenye kisahani, kama desturi yetu.

"Wazee wangu," alisema Urmila, "farasi wetu wanapungua. Kila nyumba inajua wa kwake tu. Dada yupo huku, ndugu yake yupo kule, na hawajulikani. Tunatengeneza kanzidata moja, yaani hazina ya kumbukumbu kwenye kompyuta, ya Saurashtra nzima, yaani Kathiawar yetu yote. Kila farasi aingie humo: mama yake, mama wa mama yake, alama zake na kasoro zake."

Hapo ndipo penye tatizo letu. Sisi watu wa Khambhadi hatusifii mali yetu mbele ya mgeni, kwa kuogopa husuda. Ukituambia ng'ombe wetu amenona, tutakujibu hatoi maziwa. Ukimsifu mtoto, tutaapa kwamba ni mvivu. Tunaona tukisema kitu ni kibaya, jicho baya litapita bila kukitazama.

Urmila alimpa Rajal simu yake. "Wewe mwanafunzi, niandikie, mimi nitauliza." Akamgeukia Mzee Surag. "Mzee, huyu ni wa ukoo gani?"

Tejal alikuwa wa Jhamar. Kwetu ukoo wa farasi hufuata mama, na Jhamar alikuwa farasi jike wa zamani, bibi mkuu wa ukoo, ambaye wazee bado walimtaja kwa sauti ya chini, kama mtu wa familia. Ukimtoa Jhalak aliyepotea, hakuna aliyejua Jhamar mwingine aliyebaki.

"Huyu?" Mzee Surag alikunja uso. "Kizee tu huyu, dada. Anachechemea. Ukoo hana. Ni wa barabarani."

Urmila alimtazama Tejal, ambaye masikio yake yalipinda ndani mpaka ncha zikagusana. "Masikio haya ni ya barabarani, Mzee?"

"Barabara yetu ina farasi wazuri," alijibu mzee, na baraza zima likacheka.

Rajal alimtazama babu yake. Babu akakohoa. Kidole cha Rajal kilikuwa kizito, lakini kiliandika: hana ukoo. Majirani nao wakafuata. Mzee Dadbhai alisema farasi wake ni kipofu. Mwingine akasema wake ana kifafa. Urmila alitikisa kichwa, akanywa chai yake, akaenda.

Mvua zilikuwa zimeanza aliporudi kumalizia nyumba zilizobaki. Alikaa barazani nguo zikiwa zimelowa, na uso wake haukuwa na furaha.

"Mnisaidie, wazee wangu. Kuna farasi jike kwa Bwana Sidik, karibu na Wankaner. Aliyemuuzia alimwambia mama yake ni wa Jhamar, wa nyumba ya Khachar fulani. Nimetafuta kwenye kanzidata yote, hakuna Jhamar hata mmoja. Sidik amechoka kulisha farasi asiye na mwanzo. Keshokutwa wanakuja watu wa bendi ya harusi kumnunua. Watampeleka mjini akachezeshwe kwenye sherehe, na hatazaa tena."

Akageuza simu ili waone picha.

Rajal aliona mgongo wa rangi ya vumbi wenye mstari mweusi, na kovu dogo juu ya pua lililotokana na ukingo wa ndoo yao wenyewe. Alimtazama babu yake akitarajia aseme neno. Mzee Surag aliinamia kisahani chake. Wazee wote waliinamia visahani vyao. Kukiri sasa kulikuwa na maana ya kukubali mbele ya mgeni kwamba alidanganywa barazani pako, akinywa chai yako.

Na mtoto kumkanusha babu yake mbele ya mgeni, hilo kwetu halifanyiki. Rajal alilijua vizuri. Lakini alimwona Jhalak katikati ya matarumbeta na fataki, macho yamemtoka kwa hofu.

"Dada Urmila," alisema, "mimi niliandika uongo."

"Uongo gani, mdogo wangu?"

"Niliandika Tejal hana ukoo. Nilijua anao. Ni Jhamar. Na huyo ni Jhalak, mtoto wake." Machozi yakamtoka. "Mkono ulioandika ni wangu. Naomba nifute."

Mvua iligonga paa. Kisha Mzee Dadbhai akachokoza, "Surag, mjukuu wako amekupita mbio leo."

"Nyamaza, wewe mwenye farasi kipofu!" alifoka Mzee Surag. Akaweka kisahani chini. Akajisugua magoti, na aliposema tena sauti yake ilikuwa nyingine. "Mtoto hana kosa, dada. Nilisema mimi. Nilidhani namficha na jicho baya. Kumbe nimemficha hata na mwanawe. Mpigie huyo Sidik."

Sidik alipopokea, mzee aliishika simu kwa mikono miwili.

"Bwana Sidik, inua nywele za shingoni, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya sikio. Unaona nini?"

Walisikia kwato, kisha sauti ya mbali. "Naona nywele zimezunguka, kama maji yanayoingia shimoni."

"Mahali pamoja?"

"Subiri... La, pawili. Panatazamana. Wewe umejuaje?"

"Huyo ni mtoto wa nyumba hii," alisema Mzee Surag.

Urmila aliwaeleza kwamba maneno peke yake hayatoshi. Rajal aling'oa nywele chache za shingoni mwa Tejal, na mizizi yake, zikapelekwa maabara pamoja na za Jhalak. Sidik akawajibu watu wa bendi kwamba farasi huyu ametafutwa na kwao, kwa hiyo wasubiri. Majibu yalipotoka, yalikuwa ya mama na binti, na Sidik akaapa kwamba hamuuzi tena. Habari zikaenea, na ndani ya muda mfupi farasi wa Khambhadi wakapona kwa pamoja. Vilema walitembea, kipofu wa Mzee Dadbhai akaona, na yule wa kifafa hakuanguka tena. Urmila alisahihisha kumbukumbu zao huku akicheka peke yake.

Shule zilipofungwa, Mzee Surag alimchukua Rajal kwenda kwa Sidik. Kumbe Jhalak alikuwa na mimba, na sasa alikuwa amejifungua. Rajal alimnyooshea kipande cha guru. Jhalak alinusa, akasimamisha masikio mpaka ncha zikagusana, kisha akamwekea Rajal paji la uso kifuani, kama zamani. Rajal alilia wazi wazi, wala hakujali nani anamwona.

"Babu, twende naye nyumbani?"

Mzee Surag alimshika Rajal bega. Alimwonyesha kwa kidevu tu. Binti mdogo wa Sidik alikuwa ameegemea mguu wa Jhalak, amemshika mtoto wa farasi shingoni, akiwatazama wageni kwa wasiwasi. Rajal aliujua wasiwasi ule. Hakuuliza tena.

Urmila alimpa simu ili amwandikishe yule mtoto wa farasi. Rajal akaandika: mama Jhalak, mama wa mama Tejal, ukoo Jhamar.

"Kasoro?" aliuliza Urmila.

Mzee Surag alifungua kinywa kwa mazoea, akakifunga. "Hana," alisema. "Andika hana." Kisha akatoa mfukoni uzi mweusi, akapiga magoti kwa shida, akamfunga mtoto wa farasi mguuni.

"Rajal, sikiliza," alisema akiwa bado chini. "Jicho baya tutalifungia uzi, kama walivyofanya wazee wetu. Lakini ukiulizwa, sema kweli. Nilidanganya kwa sababu nampenda Tejal, na uongo wangu nusura umpoteze mtoto wake. Mtu akitaka kukurudishia chako, atakirudisha vipi kama ulisema huna?"

"Nimeelewa, Babu."

"Haya, niinue. Magoti haya yana kasoro, hayo unaweza kuandika."

Asubuhi waliyorudi nyumbani, Rajal alilivunja bonge la guru vipande viwili kama kawaida. Kimoja alimpa Tejal. Alisimama kidogo akikitazama kigingi kitupu, bado akimtamani Jhalak. Kisha akafungua kiganja cha pili.

"Na hiki," alimwambia Tejal, "kinatoka kwa binti yako. Yupo. Nimemwona."