Glasi Mbili za Chupa Moja

Gunia la Luhende lilipasukia katikati ya soko la Bariadi, msimu wa pamba, watu wakiwa wengi kuliko nafasi. Chupa zikabingirika huku na huku. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walijaa mjini, baa zikafunguliwa kila kona, na bia za nje zikaja na chupa ambazo hazikurudishwa popote. Luhende alizikusanya, akaziyeyusha katika tanuri lake la matofali, zikawa glasi, bakuli na vioo vya taa.

Chupa moja ilibingirika hadi kwenye meza ya mitumba, ikasimama wima yenyewe.

Msichana wa pale alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe. Nyuma yake, kwenye kamba, lilining'inia gauni jingine kama hilo hilo. Hapakuwa na upepo, lakini mikono ya gauni hilo ilitikisika.

"Mganga, okota dawa zako!"

"Si mganga, dada. Mimi napika chupa."

"Na zinaiva?"

"Zinaiva kuliko ubwabwa wako. Hilo gauni la nyuma bei gani?"

"Haliuzwi." Alicheka haraka mno. "Haya, mpishi, nipikie glasi. Mbili."

Jina lake lilikuwa Lukresia. Tangu siku hiyo Luhende alipita sokoni hata asipokuwa na chupa ya kutafuta. Yeye akawa "mpishi wangu", na msichana akawa "ua la pamba". Moyo wa Luhende ukaanza kupanga mahari.

Lakini glasi moja ilipasuka tanurini. Alimpelekea iliyobaki, ya kijani kama gauni lile.

Lukresia alirudisha mikono nyuma kama aliyeonyeshwa kaa la moto. "Moja sipokei."

"Pokea hii kwanza, mpenzi. Nyingine nitatengeneza."

"Luhende, nakuomba. Iondoe."

Jioni alikwenda kwake kutaka kujua kosa. Mlango ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na sahani mbili za ugali na mlenda. Lukresia aliongea, akanyamaza kama anayesikiliza, kisha akacheka. Aliyekaa upande wa pili alifichwa na ukuta. Luhende aligeuza baiskeli bila kubisha hodi.

Alikwenda Dutwa kutafuta chupa, na kutoka huko akapiga simu ya duka lililo jirani na meza ya mitumba, akaomba aitiwe Lukresia.

"Mpishi wangu! Umepotelea wapi?"

"Niambie ukweli. Kuna mwingine?"

Waya ulinguruma.

"Yupo," alisema Lukresia taratibu. "Tangu kabla yako. Siwezi kumwacha. Ukinitaka mimi..."

Luhende akakata simu. Kabla haijakatika, upande ule alisikia watu wawili wakivuta pumzi.

Aliporudi Bariadi alimkuta mama yake Lukresia, Nyanjige, akimngoja kando ya tanuri.

"Mwadila, mayu," Luhende alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Mwanangu hali chakula. Unadhani ana mwanamume?"

"Amesema mwenyewe."

"Nyumbani tunamwita Kulwa. Doto wake alifariki wakiwa wadogo. Kwetu ukimpa pacha kitu, unampa na mwenzake, hata akiwa kaburini. Aliwahi kupokea gauni moja, homa nusura imzike. Sasa hata sahani anaandaa mbili. Wachumba wakijua hilo, hawarudi. Na wewe kimbia ukitaka. Ila kimbia ukijua unachokikimbia."

Luhende hakukimbia. Alichukua ile chupa iliyosimama yenyewe sokoni, akaizungushia uzi uliolowa mafuta ya taa, akauwasha, kisha akaichovya majini. Ikakatika sawasawa. Nusu ya chini tayari ilikuwa glasi. Ya juu aliiziba shingo kwa moto, akaigeuza, ikawa glasi yenye mguu. Akazichoma pamoja tanurini zilainike kingo, akaufunga mlango kwa udongo.

Kioo hakiharakishwi. Ukifungua tanuri kabla halijapoa, kinapasuka.

Mchana wa siku ya pili, ndani ya tanuri, glasi iligonga glasi. Kisha msichana akacheka. Mwingine akamjibu kwa kicheko hicho hicho.

Mikono ya Luhende ilitaka kubomoa udongo ule, na miguu ilitaka kukimbilia barabarani. Aliikalia mikono, akamfikiria Lukresia, akangoja hadi matofali yalipokuwa baridi kiganjani.

Alimkuta uani, ndani ya gauni la kijani, amekonda. Akaziweka glasi zote mbili mkekani.

"Kulwa," alisema. "Na wewe, Doto. Nimekuja kuwaomba nyote."

"Huogopi?" Lukresia aliuliza.

"Naogopa sana. Nimekuja na hofu yangu."

Lukresia alimimina maji ya mtungi katika glasi zote, akanywa yake huku machozi yakimdondoka. Kisha akainamisha sikio upande pasipo na mtu, akatabasamu.

"Amekubali. Anasema usisahau na ng'ombe wake."

"Nyinyi mtanifilisi!" Luhende aliangua kicheko.

Kisha akatazama mkekani. Glasi yenye mguu haikuguswa na mtu, lakini maji yake yalikuwa yamefika nusu, na ukingoni palikuwa na ukungu wa pumzi.

Akachukua mtungi, akaijaza tena.