Tunda Mlangoni pa Nyumba Nyeupe

Mimi woga sikupewa. Uliza soko lote la Migori ni nani aliingia shimo la mgodi wa Macalder likiwa limeporomoka nusu, akatoka na kofia bado kichwani. Shule niliacha darasa la nne kwa sababu mwalimu hakuwa tena na jipya la kuniambia. Kwa hivyo nikikuambia kuna kitu nyumbani kwangu ambacho sikipi mgongo, usicheke haraka.

Kisa kilimpata binamu yangu Ombati, mwaka wa sitini na sita, mgodi wa Macalder ulipofungwa. Yale ya kisiwani nilielezwa na mkewe, Mellen, kwa mdomo wake. Yaliyobaki niliyaona mwenyewe.

Siku ilianza vizuri. Ilikuwa asubuhi ya Agosti, jua la kawaida, kuku uani. Mellen alifunga chapati kwa kitambaa, binti yao Nyasuguta akaachwa kwa nyanya yake, na Ombati akapaka viatu rangi mpaka ungeweza kujiona ndani yake ukinyoa ndevu. Walikuwa wanaenda likizo. Ndiyo, likizo, kama Wazungu. Pale mgodini alikokuwa akifanya kazi palikuwa na Mgiriki fundi wa mitambo aliyebandika ukutani picha ya kisiwa alikozaliwa: nyumba nyeupe pee, mlango unaangalia maji. Alikuwa akisema msimu ukifika watu hugombania vyumba huko mpaka wengine wanalala nje. Ombati akaiweka ile picha moyoni.

"Mgiriki ana kisiwa," aliniambia, "na sisi tuko na Mfangano. Tofauti ni nini?"

"Wewe huwezi kuogelea," nikamwambia.

Akacheka. Wakapanda mashua pale Karungu.

Kufika Sena, bandari ya Mfangano, watu wamejaa kama siafu. Ilikuwa wiki ya makambi ya Wasabato, na wachuuzi wa samaki walikuwa wamefuata umati. Kila mwenye paa alikuwa na mgeni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee wa kanisa: wanaume chumba hiki, wanawake kile. Ombati akasema hakuja likizo kukumbatiana na wazee. Ya pili ilipakana na banda la kukaushia samaki. Mellen aliingia na kutoka bila kuvuta pumzi. Ya tatu walitakiwa walale na mbuzi. "Ni mmoja tu," mwenyewe akawahakikishia, "na ni mpole."

Hapo ndipo Ombati alipoiona. Ilikuwa peke yake karibu na maji, imepakwa chokaa, nyeupe pee. Mlango unaangalia ziwa.

"Na ile?"

"Ni ya Marcella," akasema mwenye mbuzi.

"Haina watu?"

"Haina wageni."

Msimu wenyewe huo, watu wanalala chini ya mashua, na nyumba nzuri kuliko zote imekaa bure. Mimi ningejiuliza. Ombati aliona ni bahati.

Marcella alikuwa mama Mjaluo wa makamo, amefunga kitambaa cheusi, anaishi jikoni, nyuma ya nyumba. Hakutaka. Ombati akambembeleza kwa ule ulimi wake mpaka mama akachoka.

"Leo tu," akasema. "Na baba, hapa uani usiguse kitu. Hata kijiti."

"Mama, mimi ni mtu wa likizo. Nitagusa nini?"

Chumba kilikuwa safi, na kitanda kipana kimetandikwa. Mellen alipoweka mkono juu ya godoro, aliona upande wa ukutani umebonyea, kama mtu ametoka kuamka sasa hivi.

Taabu ilikuwa mlango. Upepo wa ziwa ulikuwa unaubamiza, paa, paa, Mellen akashindwa hata kusali. Ombati akatoka kutafuta kitu kizito. Kwenye kona ya ua palikuwa na tuta dogo la udongo lililomomonyolewa na mvua, na katikati ya tuta limejitokeza tunda la yago. Unalijua: refu kama mguu wa mtoto, zito, gumu, halina utamu. Kwetu sisi tusio Wajaluo ni tunda tu, watoto wanaliviringisha kwa mteremko. Ombati akalichimbua kwa ncha ya kiatu, akalibeba ndani, akauegemeza mlango nalo.

Upepo ukanyamaza papo hapo.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Marcella alipoleta kuon, ugali wao, na samaki wa ngege. Alifika kizingitini, akaona tunda. Akaweka sinia chini. Hakuvuka.

"Baba," akanong'ona. "Hiyo umetoa wapi?"

"Hapo kwa kona. Mlango wako haukai."

"Huyo ni bwana yangu."

Ombati akamtazama Mellen, akitaka kucheka.

"Ziwa lilimchukua na wavu wake," Marcella akaendelea, sauti chini kabisa. "Hatukumpata. Mtu asipopatikana, sisi Wajaluo tunazika yago mahali pake, ndiyo atulie. Wewe umemrudisha nyumbani. Mtoe, baba, jua likiwa bado linaonekana. Umwambie pole."

"Nimwambie tunda pole?"

"Baba Nyasuguta," Mellen akasema, "lirudishe. Tafadhali."

"Mimi nimefanya kazi chini ya ardhi na maiti za kweli. Nitarudisha asubuhi. Usiku huu acha mlango utulie."

Mellen akainama alichukue mwenyewe. Hakuweza kulisogeza. Lile tunda ambalo mumewe alilibeba kwa mkono mmoja.

Marcella alirudi kinyumenyume mpaka jikoni. Akafunga mlango kwa ndani.

Mellen aliamka kukipambazuka. Mlango ulikuwa umefungwa. Godoro lilikuwa limelowa. Akanyoosha mkono, akagusa mguu wa mumewe chini ya blanketi. Baridi. Mgumu.

"Baba Nyasuguta," akanong'ona, "mbona umelowa?"

Mtu akakohoa. Si kitandani. Nje, upande wa jikoni.

Akafunua blanketi. Lile tunda lilikuwa limelala ubavuni pake, upande wa ukutani. Limevalishwa shati la Ombati. Vifungo vyote vimefungwa.

Viatu vya Ombati vilikuwa kizingitini, vinaangalia maji.

Wavuvi walikokota nyavu siku nzima, wasipate hata kofia. Nilipopata habari nilikwenda, mimi peke yangu. Ndugu zetu wengine ghafla wote walikuwa na mahindi ya kuvuna. Nilimkuta Mellen kwa mzee wa kanisa. Nikaenda kwa Marcella, jikoni kwake. Hakufungua. Kwa dirisha nilihesabu sahani mezani: mbili. Na uani ulikuwa umeanikwa wavu mkuukuu wenye magugu ya ziwa, bado unadondosha maji.

"Lichukue hilo tunda lililo kitandani," akaniambia kupitia ufa wa mlango. "Ndiye ndugu yako sasa. Mzikeni kama mtu, mumlilie. Msipomzika atatafuta mlango wake."

Nikalibeba, na shati lake. Kwenye mashua hakuna aliyekaa upande wangu.

Nyumbani wazee wetu walikataa. Masese, mkubwa wao, alitema mate chini. "Sisi hatuziki matunda. Ombati akifa, tuletee Ombati." Mellen alipiga magoti mbele yao, akaomba hata shimo dogo nyuma ya ghala. Wakaondoka. Nikasema basi nitachimba mimi. Masese akasema nikichimba, nichimbe mawili. Nikaliweka juu ya dari ya ghala langu.

Miaka imepita. Halijaoza. Anayesema naongopa aje ashike, litamlowesha mkono.

Mellen anaishi nyumba ya pili kutoka kwangu, na kila jioni anakomea mlango kwa chuma nilichomtengenezea mwenyewe. Lakini kila Agosti, wiki ya makambi, kuna asubuhi moja ambayo naamka nakuta dari ya ghala iko tupu. Sisumbuki kutafuta. Naenda moja kwa moja kwa shemeji. Chuma kimelala chini, hakijavunjika. Mlango uko wazi kabisa, umeegemezwa na yago usibamize.

Limewekwa kwa ndani. Na Mellen ameketi kitandani, amesogea akaacha nafasi upande wa ukutani.