Mkalimani wa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alisimama nje na kukung'uta shati lake. Alilikung'uta taratibu, kisha kwa nguvu, lakini vumbi jeusi la kwenye kola halikutoka. Ghala la muuza mkaa aliyewahifadhi halikujengwa ili watu walale. Yeye, mama yake na mdogo wake Kitinda walitandika mkeka katikati ya magunia, na wakiamka wote watatu walikohoa kama wazee.

Jina la Kasuku alipewa na wenzake darasani kwa sababu alizungumza lugha mbili bila kukwama: Kiswahili na lugha ya kwao. Mama yake alijua lugha ya kwao tu, na katika mji ule watu wa jamii yao walikuwa wa kuhesabika. Sokoni, hospitalini, hata kwa fundi viatu, Kasuku ndiye aliyekuwa mdomo wa mama.

Zamani aliipenda kazi hiyo. Sasa ilimchosha hadi kwenye mifupa. Baba alikuwa amempiga mama na kumvunja mkono, na tangu walipomkimbia, kila jioni ilikuwa ni kuzunguka maofisini. Walianza kwa wakili wa shirika la msaada wa kisheria.

"Nitawasaidia mahakamani," wakili alisema, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. "Lakini kwanza tafuteni mahali salama. Nendeni kwenye Nyumba ya Wanawake."

Wakaenda. Huko nako msimamizi alivuta kiti na kusema maneno ambayo wakili naye alianza nayo, "Haya, mwambie mama aeleze tangu mwanzo."

Mama akaeleza. Baba alimpiga kwa mchi, akamsukuma ukutani, akaapa kwamba siku nyingine angemmaliza. Kasuku alisikiliza huku akitazama watu waliokaa kwenye benchi nyuma yao, wametega masikio. Kwa wakili alikuwa ameyasema yote, na usiku ule hakula. Safari hii alimfikiria yule aliyekuwa akisemwa. Yule alikuwa baba yake. Akifungwa, si ingekuwa ni kwa sababu ya mdomo wake yeye?

"Anasema waligombana kidogo," Kasuku akasema. "Halafu akaanguka."

Msimamizi alimtazama mama, akautazama mkono uliofungwa plasta. "Waligombana tu? Hakutishiwa?"

"Hapana."

"Basi pole sana. Vitanda vyetu ni vichache mno, tunawapa walio hatarini. Mwambie mama ajaribu kwa ndugu."

Walirudi ghalani. Njiani Kasuku alimwambia mama kwamba wamekataliwa. Mama alilaza kichwa juu ya gunia, akafumba macho.

Siku chache baadaye, Kasuku alikuwa akimvalisha Kitinda viatu aliposikia sauti ya baba uani. Alikuwa akipiga mlango wa ghala kwa ngumi, akiita jina la mama. Kitinda aliganda, kiatu kimoja mguuni. Muuza mkaa alitoka na chepe lake mkononi.

"Hapa nauza mkaa," alisema. "Kama hununui, njia ni ileile uliyokuja nayo!"

Majirani walijaa, na baba akaondoka akitukana. Lakini muuza mkaa alipoingia ndani, aliukomea mlango.

"Leo nimemfukuza," alisema. "Kesho sijui. Mwanangu, kuna fundi cherehani mtaa wa pili, ni mtu wa kwenu. Ana chama chao cha akina mama. Mpeleke mama yako leo hii. Shule itasubiri."

Fundi cherehani alikuwa mwanamke mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni. Aliposikia mama akisalimu, alisimamisha cherehani, akaitikia kwa lugha ya kwao, na mama akaanza kulia. Alizungumza muda mrefu. Kwa mara ya kwanza Kasuku hakutakiwa kusema lolote. Alikaa na Kitinda karibu na kapu la vitambaa, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Na kule Nyumba ya Wanawake walikujibuje?" fundi akauliza.

"Walinikataa," mama akasema. "Nadhani ni kwa sababu sisi si watu wa hapa. Nani atampa kitanda mtu asiyejua hata kuomba maji kwa lugha yao?"

Fundi alitikisa kichwa kwa uchungu. "Ndivyo walivyo."

Kasuku alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na lawama zingemwangukia yule msimamizi ambaye huenda wasingemwona tena. Lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekosa, na Kasuku hakuweza kuvumilia.

"Si hivyo, mama," alisema. "Ni mimi. Niliwaambia ulianguka. Sikuwaambia kuhusu mchi, wala kwamba baba aliapa kukuua. Niliona aibu. Niliogopa baba atafungwa kwa sababu yangu."

Mama alimtazama binti yake, kisha akamvuta kwa mkono wake mzima.

"Nami nilikuwa nakubebesha hayo yote," alinong'ona.

Fundi alifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akachukua simu. Mchana huohuo msimamizi na wakili walikuja, wote wawili wamechoka, wakakaa kwenye viti vya wateja.

"Sisi tulifuata utaratibu," msimamizi alianza. "Mtoto mwenyewe alisema..."

"Mtoto!" fundi akamkatiza. "Na nani aliyempa mtoto kazi ya watu wazima?"

Wakili akakohoa. "Hata mimi nilimtumia. Hatuna mtu anayejua lugha yao."

"Nipo mimi, na wenzangu kumi hivi. Mlishawahi kuuliza? Nyinyi mna vitanda, huyu anajua sheria, sisi tuna lugha. Kila mmoja amekumbatia kipande chake cha kitambaa, na mama huyu anatembea uchi. Kidole kimoja hakivunji chawa, jamani."

Wakili alicheka kwa uchovu, msimamizi naye akatabasamu. Wakakubaliana palepale. Mama angeeleza mara moja tu, wote watatu wakiwepo, fundi akitafsiri. Tangu siku hiyo, mwanamke yeyote wa jamii yao akifika kwa mmoja wao, wengine wataitwa. Na mtoto hatatafsiri tena mambo kama hayo.

Kasuku alitumwa nje akacheze na Kitinda. Walirushiana mpira wa vitambaa, ingawa masikio yake yaliendelea kuusikiliza mlango.

Jioni ile walilala kwenye vitanda vya Nyumba ya Wanawake. Wiki iliyofuata wakili na fundi walimsindikiza mama mahakamani, na hakimu akampiga marufuku baba kuwakaribia. Kasuku alifurahi, na pia aliumia. Akamuuliza fundi, "Je, mimi ndiye niliyemfanyia baba hivi?"

Fundi aliketi kando yake kitandani.

"La, mwanangu. Baba yako amevuna alichopanda kwa mkono wake. Ukweli haukumdhuru mtu. Uongo wako ndio uliokuwa unamrudisha mama yako kwenye mchi. Lakini ulipousema ukweli ulikuwa umechoka na unaogopa, na hiyo ndiyo saa ngumu kuusema. Sikia na hili: mzigo ukikuelemea, usiupunguze kwa kificho. Sema, 'Nimechoka, nisaidieni.' Nasi wakubwa tujifunze kuusikia mapema."

"Nimechoka," Kasuku akasema.

"Najua. Lala."

Akalala jua likiwa bado halijazama, na hakuna aliyemwamsha.